Paa la Kununua Muda: Makazi ya Mpito na Akina Mama Vijana Wanaolea Peke Yao

Mheshimiwa Mwenyekiti, wazee wetu mlioketi mbele, waheshimiwa madiwani, maofisa ustawi wa jamii, walimu, wanafunzi, mabibi na mabwana.   

Nia yangu jioni hii ni moja. Ninaposema makazi ya mpito nina maana ya nyumba ambamo binti aliyezaa na asiye na mwenza hukaa na mtoto wake kwa muda maalumu, tuseme kati ya miezi 6 na miaka 2, huku akisaidiwa kujipanga upya. Nataka kuonyesha kwamba faida kubwa ya nyumba hiyo haiko kwenye kitanda wala sahani ya chakula, ingawa vyote viwili vinahitajika. Faida yake ni kwamba kwa kipindi hicho binti anaweza kukataa. Anaweza kumkataa mwanamume ambaye sifa yake pekee ni kuwa na chumba. Anaweza kukataa kazi isiyolipa, na anaweza kukataa kurudi kwenye nyumba alikoumizwa. Uwezo huo wa kukataa ndio unaozaa mengine yote, na nyumba isiyoutoa, hata iwe na magodoro mapya na kibao kizuri getini, haijafanya kazi yake. Nitazungumza zaidi kuhusu Tanzania, lakini nitapita Kenya, Marekani na Ireland, maana huko kuna mambo tunayopaswa kuyajua kabla ya kumwaga zege.

Kwanza ukubwa wa jambo. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulikuta kwamba asilimia 22 ya wasichana wa Tanzania wenye miaka 15 hadi 19 wamewahi kupata mimba. Mkoani Songwe walikuwa asilimia 45. Kenya, katika utafiti wao wa mwaka huo huo, kiwango kilikuwa asilimia 15 kitaifa, na kaunti ya Samburu asilimia 50. Si wote hao wanaolea peke yao. Wengi wameolewa, baadhi kwa sababu ya mimba hiyo hiyo. Lakini kundi lililobaki bila mume na bila nyumba si dogo, wala halitatoweka kesho. Mpango wetu wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, MTAKUWWA, ulioanza mwaka 2017/18, ulikusudia kushusha mimba za utotoni kutoka asilimia 27 hadi 5 ndani ya miaka mitano. Lengo lilikuwa jema na waliolitunga walistahili kuungwa mkono zaidi ya walivyoungwa. Nalitaja kwa sababu sehemu kubwa ya mipango yetu huishia kwenye kuzuia, na binti ambaye mimba yake haikuzuilika hubaki nje ya karatasi.

Hoja yangu ya kwanza: kila paa linalompokea binti huyu lina mwenyewe, na mwenyewe ana masharti. Tufanye hesabu kidogo. Hapa Dar es Salaam mwenye nyumba hutaka kodi ya miezi mitatu, mara nyingi sita, kwa mkupuo, na dalali huchukua kodi ya mwezi mmoja juu yake. Tuseme chumba kimoja cha uani, choo cha kushirikiana, ni shilingi 50,000 kwa mwezi. Miezi sita ni shilingi 300,000, ya dalali ni 50,000. Binti anatakiwa kuwa na shilingi 350,000 mkononi kabla hajanunua ndoo, jiko la mkaa, au neti ya mtoto. Anayetembeza karanga kwenye beseni, mtoto akiwa mgongoni, hawezi kuzikusanya hizo, kwa sababu kila jioni faida yote inaliwa. Na kama hajafikisha miaka 18, sheria ya mikataba haimtambui kuwa mtu anayeweza kujifunga kwa mkataba, hivyo hata akizipata, ni lazima mtu mzima apange kwa jina lake, na mtu huyo naye atakuwa na lake.

Inabaki milango mitatu. Wa kwanza ni wa ndugu. Shangazi anampokea kwa moyo mweupe, lakini nyumba ina vyumba viwili na watu wanane. Binti analala sebuleni baada ya taarifa ya habari kwisha na wageni kuondoka, anaamka wa kwanza kuwasha jiko, anafua za wote, na mtoto akilia usiku ni yeye anayetoka naye barazani ili wengine walale. Baada ya miezi miwili shukrani imegeuka deni, na deni hilo halina tarehe ya kwisha. Mlango wa pili ni wa kazi za ndani. Waajiri wengi hawataki dada wa kazi mwenye mtoto. Basi mtoto wa miezi mitatu anapelekwa kijijini kwa bibi yake, maziwa ya mama yanakauka kifuani mjini, na mtoto anaanzishiwa uji kabla ya wakati wake. Mlango wa tatu ni wa mwanamume anayesema, njoo ukae kwangu, mtoto wako ni mtoto wangu. Wapo wanaosema hivyo na kumaanisha, na Mungu awabariki. Lakini binti hana njia ya kumpima, kwa sababu anayepima ni yule anayeweza kuondoka. Mimba ya pili inakuja kabla ya mtoto wa kwanza kutembea vizuri, na wakigombana anajikuta njiani na watoto wawili, kwenye milango ile ile mitatu.

Naomba tuitazame milango hiyo kwa makini, maana tumezoea kusema kwamba binti huyu anafanya maamuzi mabaya. Mengi ya maamuzi hayo hayakuwa yake. Yalifanywa na paa. Mtu ambaye akisema hapana jioni hii atalala nje na mtoto, hiyo hapana hana. Makazi ya mpito ni mlango wa nne, na tofauti yake na mingine ni kwamba aliyeufungua hamdai mwili wake, wala nguvu zake zote, wala shukrani isiyokwisha. Anamtaka afuate ratiba, ajifunze, aweke akiba, na kwamba siku moja aondoke.

Hoja ya pili inahusu mpangilio wa muda huo. Binti hahitaji vitu vyote kwa wakati mmoja. Anavihitaji kwa zamu, na zamu zikivurugika kazi yote inaharibika. Jamii zetu zilijua hili zamani. Mzazi huwekwa ndani siku arobaini, akikandwa kwa maji ya moto, akinyweshwa uji wa pilipili manga, na kule Kilimanjaro akipikiwa mtori, huku mtu mwingine akishika nyumba. Sheria ya kazi nayo, ile ya mwaka 2004, imempa mwajiriwa likizo ya uzazi yenye malipo ya siku 84, au 100 akizaa zaidi ya mtoto mmoja, na baada ya hapo saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Mila na sheria zimekubaliana kwamba mwanamke aliyetoka kujifungua asikimbizwe. Anayekosa vyote viwili ni binti wa miaka 17 aliyefukuzwa nyumbani, ambaye mara nyingi siku ya tano yuko mtoni akifulia watu. Miezi ya mwanzo katika makazi ya mpito ni ya kumrudishia hiyo arobaini: kulala, kula, kliniki, kunyonyesha bila kukatizwa, na kuzungumza na mtu asiyemhukumu. Meneja wa nyumba anayempeleka kwenye cherehani wiki ya pili kwa sababu wafadhili wanataka idadi ya waliofunzwa, anamwibia.

Zamu ya pili ni ya shule au ufundi, na hapa nchi yetu imepiga hatua ambayo lazima itajwe. Tangu Novemba 2021 wanafunzi waliokatiza masomo kwa ujauzito wanaruhusiwa kurudi kwenye shule za serikali, ndani ya miaka miwili tangu walipoacha. Kenya ilikuwa na sera ya aina hiyo tangu mwaka 1994. Ni ruhusa kubwa. Lakini ruhusa ya kurudi darasani haisemi nani atashika mtoto saa moja na nusu asubuhi, wala binti atalala wapi ikiwa shule iko mbali, na nyumbani hatakiwi, na ile miaka miwili inaanza kuhesabiwa siku alipoacha, si siku alipopata mahali pa kulala. Ndiyo maana navitazama kwa matumaini Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, vile 54 vilivyoanza miaka ya 1970 kwa kuiga mfano wa Sweden. Kupitia programu ya Elimu Haina Mwisho, binti aliyeacha shule anasoma humo masomo ya sekondari, ufundi na ujasiriamali, anakaa bweni, na vyuo vingi vina kituo cha kulelea watoto ndani ya uzio. Wakati mama anajifunza umeme au useremala, mtoto yuko mita mia moja kutoka darasani, na saa nne mama anatoka kwenda kumnyonyesha. Kule Nyeri, shule ya Serene Haven imefuata njia ya jirani na hiyo: sekondari ya bweni kwa wasichana waliozaa. Mifano hii inathibitisha kwamba mtoto na daftari vinaweza kukaa chini ya paa moja. Upungufu wake, na nausema nikiwa mpenzi wa vyuo hivi, ni kwamba kozi ikiisha kwa kawaida bweni nalo limekwisha, na binti anatoka na cheti akirudi kwenye hesabu ya shilingi 350,000.

Hoja ya tatu nitaipitia haraka: karatasi. Mtoto anahitaji cheti cha kuzaliwa, na binti anaweza kudai matunzo kwa baba wa mtoto. Kwa miaka mingi sheria iliyohusu watoto waliozaliwa nje ya ndoa iliweka ukomo wa matunzo kwa shilingi 100 kwa mwezi, kiasi ambacho miaka ya karibuni hakikununua hata andazi. Sheria ya Mtoto ya 2009 iliifuta, na sasa mahakama inaweza kuagiza kipimo cha vinasaba na kupanga matunzo kulingana na uwezo wa baba. Lakini kesi inataka mdai anayepatikana, mwenye barua ya serikali ya mtaa, anayeweza kufika mahakamani mara nne tano bila kupoteza pa kulala. Binti anayehama kila baada ya miezi miwili anashindwa kesi ambayo sheria ilikuwa upande wake.

Sasa nijibu mapingamizi, maana najua yamo humu ukumbini na ni ya watu wenye nia njema. La kwanza husema: tukiwajengea nyumba tutakuwa tumewapongeza, na wadogo zao wataiga. Tulikwisha kujaribu njia ya kinyume, tena kwa miongo. Zanzibar kwa sheria ya mwaka 1985 mwanamke asiyeolewa akipata mimba aliweza kufungwa jela. Ilibidi sheria ya 2005 ya kuwalinda wari na watoto wa mzazi mmoja iiondoe adhabu hiyo ya kifungo. Bara tuliwafukuza shule. Katika miaka hiyo ya kufukuza, wasichana wa miaka 15 hadi 19 walioanza uzazi walikuwa asilimia 26 mwaka 2004/05, asilimia 23 mwaka 2010, na asilimia 27 mwaka 2015/16. Kama ukali ungezuia mimba, takwimu hizo zingeporomoka. Hazikuporomoka. Na kuna jambo la pili: binti aliyekaa kwenye makazi ya mpito yaliyoendeshwa vizuri anapata ushauri wa uzazi wa mpango na anapata nguvu ya kukataa, na hivyo ndivyo vitu viwili vinavyochelewesha mimba ya pili. Anayetaka wasichana wasizae ovyo ana kila sababu ya kuiunga mkono nyumba hii.

Pingamizi la pili linasema malezi ni kazi ya ukoo, na nyumba hizi ni mambo ya kuletwa. Nusu ya kwanza naikubali. Ukoo unapoweza kumpokea kwa heshima, ofisa ustawi anapaswa kuanzia huko, na kila makazi ya mpito yawe na mtu ambaye kazi yake ni kwenda kuzungumza na baba na mama hadi hasira zipoe. Lakini ukoo ukiwa ndio uliofukuza, au aliyemharibu binti akiwa anakula meza ile ile, kumrudisha ni kumsaliti. Nusu ya pili siikubali. Mwenyekiti, ruhusu nipite pembeni kidogo. Katika miji ya kale ya pwani, Lamu na Pate, familia zenye uwezo zilimpa binti nyumba anapoolewa, au zilimjengea ghorofa juu ya ile ya wazazi, au nyumba ya jirani iliyounganishwa na ya kwao kwa wikio linalopita juu ya njia. Mume ndiye aliyehamia. Comoro hadi leo nyumba ni ya mwanamke. Wazee wale walikuwa na sababu: ndoa ikivunjika, binti yao asijikute njiani. Walielewa kwamba paa la mwanamke lisitegemee hisani ya mwanamume, na wakatumia mawe na chokaa kulihakikisha. Tunaloomba hapa ni fikra ile ile kwa binti ambaye baba yake hana mawe.

Pingamizi la tatu ni zito zaidi, na linatoka kwa watafiti. Serikali ya Marekani iligharamia utafiti mkubwa wa familia 2,282 zisizo na makazi katika maeneo 12, zilizoingizwa kati ya 2010 na 2012, nyingi zikiwa za akina mama wanaolea peke yao. Zilipangwa kwa bahati nasibu: baadhi zikapewa nafasi ya kupata ruzuku ya kodi ya muda mrefu, baadhi ruzuku fupi, baadhi makazi ya mpito, na nyingine zikaachwa na huduma za kawaida. Baada ya miaka mitatu, ruzuku ya muda mrefu ndiyo iliyoshinda kwa mbali, katika kupunguza ukosefu wa makazi na hata ukatili wa majumbani. Makazi ya mpito, yaliyokuwa ghali, hayakuonyesha tofauti kubwa. Yeyote anayetetea makazi ya mpito bila kuutaja utafiti huu hatendi haki. Jibu langu lina sehemu mbili. Kwanza, mama wa kawaida katika utafiti ule alikuwa na miaka kama 29, mtu mzima anayeweza kusaini mkataba, katika nchi ambako ruzuku ya kodi ya serikali ipo na mwenye nyumba analipwa kwa mwezi. Binti wetu wa miaka 16 hawezi kupewa ruzuku ya kitu asichoruhusiwa kukipanga. Wamarekani wenyewe wanalijua hilo, ndiyo maana wana programu nyingine, ya nyumba za wasichana waliozaa au wajawazito wenye miaka 16 hadi chini ya 22, ambamo wanaweza kukaa hadi siku 540. Pili, utafiti ule unatufundisha jambo la kuchukua kama lilivyo: nyumba ya mpito isiyo na mahali pa kwenda baada yake ni kituo cha kusubiria. Ikiwa tutajenga vitanda tu na kusahau kodi ya chumba cha kwanza baada ya hapo, tutapata matokeo waliyoyapata wao, kwa fedha ambazo sisi hatuna.

Pingamizi la nne linatoka Ireland, na ndilo linalopaswa kutunyima usingizi kuliko yote. Huko, mabinti waliozaa nje ya ndoa walipokewa katika nyumba maalumu. Tume ya serikali iliyotoa taarifa yake Januari 2021 ilichunguza taasisi 18 kwa kipindi cha 1922 hadi 1998. Akina mama wapatao 56,000 walipita humo, na watoto wapatao 9,000 walifia humo. Waziri Mkuu Micheál Martin aliomba radhi kwa niaba ya dola. Nyumba zile nazo zilikuwa na paa, chakula na ratiba. Kilichokosekana ni kile nilichokitaja mwanzoni: binti hakuweza kukataa. Hakuweza kukataa kutenganishwa na mtoto, wala kukataa kazi ya bure. Alikuwa amewekwa pale ili asionekane. Ndiyo maana nasisitiza masharti ambayo hayapaswi kujadiliwa upya kila mradi mpya unapokuja. Ufunguo wa chumba awe nao binti. Mtoto alale na mama yake. Wageni waruhusiwe, simu asinyang'anywe. Ofisa ustawi akague bila kutoa taarifa, akae na mabinti peke yao, na taarifa yake isomwe kwenye baraza. Nyumba iwe mtaani, karibu na zahanati na soko, si nyuma ya ukuta kilomita kumi nje ya mji.

Kwa hiyo tukishaamua kujenga, tujue tutapima nini. Idadi ya vitanda na ya vyeti vya ushonaji ni rahisi kuhesabu, na kwa sababu hiyo ndiyo hujaza taarifa zetu. Napendekeza tupime siku ya kutoka na mwaka mmoja baada yake: anaishi wapi, kodi inalipwa na nani, mtoto yuko naye, ana mimba asiyoitaka? Mpango wa kutoka uandikwe wiki ile ile anayoingia. Kila mwezi kiasi fulani kiwekwe akiba kwa jina lake, ili siku ya kuondoka kodi ya miezi sita iwe mkononi. Wanaomaliza wakiwa na umri wa miaka 18 na zaidi waunganishwe katika vikundi vya watu watano na kuendelea, waombe ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo sehemu nne ni za wanawake na nne za vijana. Binti huyu ni mwanamke na ni kijana. Dirisha lipo, anachokosa ni mtu wa kumwonyesha fomu na kikundi kinachomwamini. Wale wawili au watatu wanaoelewana wapange nyumba pamoja, wapeane zamu ya kulea.

Waheshimiwa madiwani, msimu wa bajeti uko njiani, na ninyi mna majengo. Baadhi ya halmashauri zina nyumba ya mtumishi iliyokaa tupu au kituo kilichojengwa na mradi uliokwisha. Anzeni na moja, familia nane tu, kwa miaka miwili, na muweke daftari la waliotoka wazi kwa yeyote anayetaka kulisoma. Ninyi wanafunzi wa ustawi wa jamii na takwimu, fuatilieni mabinti hao nane, na wengine nane ambao hawakupata nafasi, ili mhadhara wa miaka mitatu ijayo katika ukumbi huu uwe na takwimu za hapa nyumbani badala ya za Marekani. Kama takwimu hizo zitaonyesha kwamba ruzuku ya kodi kwa wenye miaka 18 na zaidi inafaa kuliko nyumba yenyewe, tuzifuate.

 Mwenyekiti, niko tayari kwa maswali, na ningependa tuanze na maofisa ustawi wa kata, maana ndio wanaopigiwa simu usiku.